Lori Lisilofika Segera

"Hili lori halijafika hata Segera," mjomba alisema, akanirudishia.

Alikuwa amekaa barazani kwake Makorora, Tanga, mguu mbovu kaulaza juu ya stuli, nami nimesimama mbele yake na boksi la viatu mkononi. Ndani ya boksi ilikuwamo kazi yangu ya miezi minne: Scania nyekundu ya plastiki, udogo wa 1 kwa 24, yaani lori halisi limepunguzwa mara 24, kila taa na kioo chake, rangi inang'aa mpaka unaliona paa la baraza ndani ya mlango. Nilitegemea machozi yatamlengalenga. Yeye alilipindua, akalichungulia tumbo kama mtu anayekagua mbuzi mnadani, akatoa hukumu yake, kwamba lori safi namna hii halijafika hata njia panda ya Segera, kisha akaomba kahawa.

Mjomba ameendesha malori zaidi ya miaka 30. Marobota ya mkonge kutoka mashamba ya Korogwe na Muheza kuteremka bandarini Tanga, baadaye saruji kutoka Pongwe kwenda bara. Miaka yake sita ya mwisho barabarani, utingo wake nilikuwa mimi. Kwa hiyo mimi si mtu wa kuhadithiwa lori likoje. Nimelala chini ya difu, lile tumbo la gia kwenye ekseli ya nyuma, usiku wa mvua pale Hale, nimepiga grisi mpaka kucha zikagoma kutakata hadi Idi ikanikuta hivyo hivyo. Na bado, nilipokaa mezani kutengeneza lori lile lile nililolala chini yake, nilitengeneza lori la kwenye kalenda.

Utotoni sote tulitengeneza malori ya makopo, matairi ya ndala, usukani wa waya. Hakuna aliyehangaika kuyachafua, yalichafuka yenyewe. Hili la plastiki aliniletea ndugu yangu ambaye ni baharia. Kampuni ya Italeri ya Italia inatoa Scania 143M ya kuunganisha: vipande vinakuja vimeshikana kwenye fremu, unakata, unasugua kwa msasa, unagundisha. Mjomba aliendesha 113. Kwa nje kabini za hizo mbili ni za ukoo mmoja, tofauti kubwa iko kwenye injini: 143 ina V8 ya lita 14, na 113 ina silinda sita za mstari mmoja, lita 11. Nikafanya ujanja, nikaigundisha kabini isifunuke. V8 imo humo ndani mpaka leo na mjomba hajui. Akisomewa hapa ndiyo atajua.

Basi, nikapanda baisikeli na boksi langu kurudi nyumbani, najisemea njiani: kama shida ni uchafu, uchafu ninao.

Kesho yake nikapita gereji moja nyuma ya Ngamiani, nikaomba oili chafu. Wakanijazia nusu chupa ya soda bure, wakidhani nakwenda kupaka mbao za banda la kuku zisiliwe na mchwa. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: lori halisi linachafuka kwa oili halisi, basi na hili dogo lichafuke kwa hiyo hiyo. Nikapaka kwa brashi kwenye chesisi, kwenye giaboksi, kwenye difu. Siku ya kwanza nilijisifu sana. Ilipendeza, siwadanganyi.

Siku ya tatu oili ilikuwa imeshaanza safari zake. Ilifuata kila mfereji, ikapenya kwenye maungio ya madigadi, ikatokezea mlangoni. Wiki mbili baadaye ukigusa, kidole cheusi. Vumbi lote la nyumba lilikuwa limenata pale, pamoja na manyoya ya paka wetu. Haikukauka na isingekauka. Sababu yake nilikuja kuijua baadaye, na laiti ningeijua mapema ningeokoa nusu mwaka. Rangi za mafuta za wachoraji, zile za kwenye tyubu, kwa kawaida husagwa na mafuta ya mbegu za kitani. Mafuta hayo yakikutana na hewa hugeuka, yanashikana, yanakuwa ngozi. Oili ya kawaida ya injini inatokana na mafuta ya ardhini na haina tabia hiyo. Utaisubiri mpaka wajukuu.

Nikaongeza kosa juu ya kosa. Ili kuitoa ile oili nikachovya pamba kwenye petroli. Plastiki ya magari haya inaliwa na petroli, na tina ndiyo usiseme. Rangi ilivimba kwanza, halafu chesisi ikafanya nyufa kama tope la kiangazi, halafu nikasikia "ta", springi ya nyuma ikaachia. Niliiunga kwa vipande nilivyokata kwenye kopo la mtindi. Ukilipindua lori utaziona bandeji zile, ingawa sasa ziko chini ya grisi, na grisi husitiri mengi.

Kosa jingine lilikuwa la vumbi. Niliporudi Muheza kwenye mazishi nilichota udongo mwekundu wa kando ya barabara nikautia kwenye mfuko wa plastiki, nikaja kuunyunyiza. Lori likaonekana limemwagiwa kokoto. Nilikaa nikipiga hesabu ndipo nikacheka peke yangu: kwenye udogo wa 1 kwa 24, punje ya nusu milimita ni jiwe la zaidi ya sentimita 1. Hata uzi mmoja wa mkonge, ambao mkononi unauona kama unywele mnene, ukiuzidisha mara 24 unakuwa kamba ya kufungia mbuzi.

Ila udongo wenyewe sikuutupa. Nilikumbuka namna bibi alivyokuwa akituliza maji ya mtoni kwenye mtungi. Nikautia udongo kwenye jagi la maji, nikakoroga, nikahesabu mpaka 20 mchanga ukazama, nikayamimina yale maji mekundu ya juu kwenye sahani na kuyaacha juani. Yakikauka yanaacha ungaunga laini kuliko poda ya mtoto. Huo ndio vumbi langu mpaka sasa, na ni wa Muheza kweli, hakuna duka linalouza rangi hiyo.

Safari ya pili kwa mjomba nilikwenda na lori jeusi. Nilikuwa nimechanganya rangi nyeusi nyepesi kama chai ya rangi nikaliogesha lote chini, kila kona sawa na mwenzake.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Hili limeungulia wapi?"

Sikuwa na jibu. Akanitazama, nadhani akanihurumia, maana aliondoa mguu juu ya stuli na kunisogezea nikae.

"Grisi haianguki kama mvua," alisema. "Grisi ina kwao."

Kisha akalilaza lori chali mapajani, akaanza kunionyesha kwa ukucha wa kidole cha mwisho. Saa moja na nusu nilizokaa pale zilinifundisha kuliko video zote nilizowahi kutazama, kwa sababu video nyingi zinaonyesha namna ya kupaka, na mjomba alikuwa ananionyesha namna uchafu unavyozaliwa.

Alianzia kwenye ile sahani ya chuma ya nyuma inayolibeba tela. Mimi nilikuwa nimeipaka nyeusi yote, kama chapati iliyosahauliwa jikoni. Akaniuliza tela hufanya nini kwenye kona. Nikasema linazunguka juu ya sahani. "Sasa grisi itakaa hapo katikati imekusubiri?" Haikai. Inasukumwa. Kwenye mgongo wa sahani, chuma kinasuguana na chuma mpaka kinakuwa kama cheupe, kina utando tu wa mafuta, na grisi yenyewe inakwenda kukusanyika ukingoni, imevimba mdomo kama uji uliofurika kwenye sufuria. Nyuma, pale sahani inapoinama kupokea tela, kuna michirizi miwili mipana iliyoburutwa kuelekea mbele, kwa sababu kila unapofunga tela linapanda kwa hapo likikwangua. Na grisi ya ukingoni si ya siku moja. Ya chini ni ya zamani, imekula mchanga na vumbi, imekuwa kahawia na haing'ai kabisa. Ya juu ni ya juzi, inang'aa, ni kidogo.

Nilikuwa nimepiga grisi sahani ile mamia ya mara. Nikijaribu kuiona kichwani, ilinijia nyeusi tu.

Akaenda kwenye propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu ya injini nyuma. Krosi ya propela, kile kiungo chake, ukiijaza grisi kupita kiasi, itakachofanya propela ikizunguka ni kuirusha, na inairusha kwa duara. Kwa hiyo kwenye chesisi, kushoto na kulia, unapata mstari wa madoadoa uliokaa usawa mmoja na krosi. Sogea shubiri moja mbele, pakavu. Sogea nyuma, pakavu. Ukiuona mstari huo kwenye lori lolote, hata propela ikiwa imefunguliwa imepelekwa kwa fundi, unajua krosi ilikuwa hapa.

"Na oili ya injini inavujia wapi?"

"Chini ya injini," nikasema.

"Inavujia chini ya injini, lakini inachafua wapi?"

Hapo nikaelewa swali. Lori linakwenda mbele, upepo unairudisha oili nyuma. Tone linatoka kwenye sampo, lile beseni la oili chini ya injini, linapeperushwa, linapiga giaboksi na vile vyuma vinavyokatiza chesisi, tena linapiga uso wa mbele wa chuma, uso wa nyuma unabaki na vumbi lake. Ugonjwa uko mbele, uchafu uko nyuma. Ndiyo maana fundi anayejua kazi haanzi kufungua pale palipolowa, anaufuata uchafu kinyumenyume kwenda mbele mpaka ukome.

Pini za springi alizipitia haraka. Kila palipo na nipo, ile chuchu ya kupigia grisi, pana kola ndogo iliyotokea pembeni, basi, usiongeze chumvi.

Kwenye habu, kile kitovu cha gurudumu, ya nyuma kushoto ndipo tulipokaa sana. Nilijitahidi hapo, kwa sababu nakumbuka sili ya habu ile ilitusumbua mwaka mzima, na nilikuwa nimechora machozi mazuri ya oili yakiteremka kutoka katikati ya rimu hadi chini kwenye tairi. Mjomba akalitazama gurudumu, akanitazama mimi.

"Hili lilivuja likiwa limeegeshwa?"

Oili ya habu inatoka tairi likiwa linazunguka. Inatupwa nje, pande zote, kama miale ya jua kwenye khanga. Inatoka katikati, inanyooka kwenda ukingo wa rimu, na ikifika kwenye mpira wa tairi inatandaa, inapakaa weusi uliolowa ambao vumbi haliwezi kuuficha kwa muda mrefu. Mchirizi wa kuteremka chini unaweza kuwapo, mmoja, ule wa usiku lori lilipolala. Mmoja tu. Mimi nilikuwa nimeweka sita.

Kisha tenki la dizeli, ambalo kila mtu anadhani analijua. Dizeli ikimwagika kwenye mdomo wa tenki, kwanza inaosha. Panakuwa na njia safi yenye giza ndani ya vumbi, inateremka kwa kufuata mviringo wa tenki. Halafu ile njia inabaki na unyevunyevu, vumbi jipya linakuja kunata pale pale, mpaka mwisho pale palipooshwa panakuwa pachafu kuliko pengine. Kwa hiyo ukichora umwagikaji wa leo na wa wiki iliyopita, visifanane: wa leo ni mweusi unaong'aa, wa wiki iliyopita una kingo za vumbi na katikati umefifia.

Nilikuwa nimeshafunga boksi ninaondoka aliponirudisha.

"Huku kwa utingo umepasahau." Akagusa kile chuma cha kushikia pembeni ya mlango wa kushoto, na ngazi chini yake. "Hapa ulikuwa unashika wewe. Na hapa ulikuwa unakanyaga. Miaka sita. Kutakuwa na vumbi hapa?"

Hakukuwa na vumbi pale. Rangi ilikuwa imelika, chuma kinang'aa kwa jasho langu, na kukizunguka chuma hicho, kwenye bati la mlango, kulikuwa na alama nyeusi za vidole vya mtu aliyetoka kupiga grisi. Nilizisahau kwa sababu zilikuwa zangu.

Sasa niseme nilivyofanya, kwa anayetaka kujaribu.

Lori nililipaka rangi upya kwa Tamiya zile za akriliki, nikalifunika kwa vanishi yao ya kung'aa, X-22, nikaliacha siku tatu. Hii vanishi ya kwanza ni kinga. Ikishakauka vizuri, rangi za tyubu zilizolainishwa kwa waiti spiriti haziiumizi, na ukikosea unafuta kwa kijiti chenye pamba unaanza upya. Waiti spiriti inapatikana duka lolote la vifaa vya ujenzi. Ukikosa usijaribu petroli, nimeshawaambia yaliyonikuta. Mafuta ya taa yanafanya kazi kwa shida, yanachelewa mno na yanaacha utelezi.

Rangi ya grisi si nyeusi. Hili ningelichora tatuu. Nyeusi tupu kwenye kitu kidogo inaonekana kama shimo. Mimi natumia ile kahawia iliyokolea kama kahawa iliyoungua, natia nyeusi kidogo, labda sehemu moja kwa nne, na kwa grisi ya zamani naongeza ule ungaunga wa Muheza mpaka inakuwa nzito kama siagi ya karanga. Naichukua kwa ncha ya kijiti cha meno, si kwa brashi, maana brashi inatandaza na kijiti kinabandika. Unaibandika ukingoni mwa sahani, kwenye kola za pini, unaiacha na uvimbe wake. Uvimbe ndio unaoshika mwanga.

Kuna mbinu ya kadibodi ambayo mwanzo niliipuuza. Kabla ya kutumia rangi ya tyubu, iminye juu ya kipande cha boksi uiache saa mbili tatu. Kadibodi inanyonya yale mafuta ya kitani, utayaona yanaenea kama doa la sambusa kwenye gazeti, na rangi inayobaki inakauka upesi na haing'ai. Hiyo ndiyo grisi ya zamani. Ya jana usiipitishe kwenye kadibodi. Itoe kwenye tyubu na mafuta yake, ichanganye na tone la vanishi ya mbao, ile ya mafundi seremala yenye umanjano. Umanjano ule ambao seremala anaulaani ndio hasa unaotufaa: ukikaa juu ya kahawia unafanana na oili iliyolowa kiasi kwamba mtoto wangu alinawa mikono baada ya kuligusa.

Mng'aro uufanyie ubahili. Lori zima la mjomba lina sehemu saba tu zinazong'aa, na nilizihesabu makusudi. Kila nilipotamani kuongeza ya nane nilijiuliza: hii grisi ilitoka lini? Kama jibu ni zaidi ya wiki, haing'ai.

Madoadoa ya krosi nilirusha kwa mswaki. Unachovya nywele za mswaki kwenye rangi nyepesi, unapangusa sana kwenye karatasi, kisha unazikwaruza kwa kidole gumba. Mengine yote nikayafunika kwa utepe wa karatasi, nikaacha wazi ule mstari tu. Jaribu kwanza kwenye kibao, maana mara yangu ya kwanza liliruka tone moja kubwa likatua kwenye kioo cha mbele. Miale ya habu niliivuta kwa brashi kavu yenye rangi kidogo kabisa, kutoka katikati kwenda nje, nageuza gurudumu na siyo mkono.

Halafu mkonge. Lori la marobota linatembea na mkonge. Nyuzi fupifupi zinapukutika, zinapeperuka, na grisi yote ya chesisi inaota ndevu. Ule mkonge halisi niliukataa kwa hesabu ya kamba ya mbuzi. Nilihangaika na nyuzi za gunia, na pamba, na nywele za brashi, hakuna kilichokaa. Ndipo nikakumbuka ile oili chafu iliyokamata manyoya ya paka. Paka wetu ni wa rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Manyoya yake, yakikatwa milimita 3 mpaka 5 na kudondoshwa juu ya rangi kabla haijakauka, ni mkonge mtupu. Nikampa dagaa.

Yote hayo niliyafanya miezi ya masika, na sishauri. Tanga wakati huo hewa ni shuka lililolowa. Rangi ya tyubu ambayo kiangazi hukauka wiki moja, pale ilikaa karibu mwezi, na nilikuwa nalilaza lori juu ya friji, ambako nyuma pana joto kidogo. Baya zaidi nilipuliza vanishi ya kufifisha mng'aro, ya kopo, jioni ya mvua. Ndani ya dakika mbili lori lote likapata ukungu mweupe, kama kioo cha basi la alfajiri. Ni unyevu unaonaswa ndani ya vanishi inapokauka. Siku kavu ilipopatikana nilipuliza tena, koti jepesi sana, ukungu ukaondoka sehemu kubwa, ila ile mng'aro yangu saba ilikuwa imekufa yote, imekuwa vumbi tupu. Nikairudia mmoja mmoja. Tangu hapo utaratibu wangu umegeuka: kufifisha kwanza, mng'aro mwishoni kabisa, na baada ya mng'aro hakuna kopo linaloruhusiwa kukaribia meza.

Unga wa Muheza niliuweka mwisho, mkavu, kwa brashi laini, bila kitu cha kuushikilia, kwa sababu vanishi yoyote juu yake inaufanya tope. Hapo palikuwa na udhaifu na niliujua.

Safari ya tatu mjomba hakusema kitu kwa muda. Aliligeuza gurudumu la nyuma kushoto kwa kidole, taratibu, akiitazama miale. Akaangalia sahani. Akalisogeza karibu na jicho lake zuri, akaona ndevu za mkonge kwenye chesisi, akapiga kofi pajani. "Yule mpakizi wa Korogwe!" alisema, akaanza hadithi ndefu ya robota lililofumuka njiani, ambayo mimi nilikuwamo na sikuikumbuka kama yeye. Nilimwachia lori. Likawekwa sebuleni, juu ya kabati la vyombo, kati ya birika la shaba na picha ya harusi.

Jumamosi iliyofuata nikapita kuwajulia hali. Mke wa mjomba, ambaye mimi namwita mama, alinipokea mlangoni na furaha yake.

"Nimewaoshea gari lenu. Wageni wanakuja kesho, lilinitia aibu pale juu."

Sabuni ya unga na mswaki wa zamani. Lilikuwa juu ya meza, juu ya kitambaa, bado linadondosha maji. Nililishika kama mtu anayeshika kifaranga aliyekanyagwa. Vumbi la milangoni lilikuwa limekwenda lote, la tenki limekwenda, paa jekundu linang'aa. Nikaligeuza. Sahani ilikuwa na mdomo wake wa grisi. Krosi ina madoadoa yake. Miale ya habu ipo, ndevu za paka zipo, alama za vidole vyangu mlangoni zipo. Na kwenye kona za ndani za madigadi maji yalikuwa yamesukuma unga wa Muheza ukajikusanya, mstari mwembamba mwekundu, mahali ambapo mimi nisingepata akili ya kuuweka.

Mjomba alikuwa kitandani, mlango wa chumba uko wazi, ananitazama ninavyolikagua.

"Lete," akasema.

Nikampelekea. Alilitazama chini, akalitazama juu, akacheka mpaka akakohoa.

"Hili sasa ni la Jumamosi. Umesahau tulivyokuwa tukiliosha Jumamosi kwa pampu? Grisi iliwahi kutoka?"

Mama akasema kwa nyuma kwamba kweli, pale kwenye sahani sabuni imegoma kabisa, nikirudi nimletee mafuta ya taa. Mjomba akalichukua lori akaliweka upande wa pili wa mto, ukutani, mbali na mama.